Mvua ya Kumi na Saba

Tegeni masikio, na kila mmoja aiweke hukumu yake tayari. Kisa hiki nitakianza mimi. Watakaokimaliza ni nyinyi.

Kijiji cha Mlindoni, kisiwani Pemba, kilikuwa na watoto watatu wenye vipaji vitatu.

Kombo alikuwa na mikono. Mpe kuti bichi, geuka kidogo ufukuze kuku, ukirudi utakuta kuti limekuwa kofia, au nyoka, au pakacha. Maneno alikuwa nayo machache. Ukimuuliza jambo alinyamaza, kisha akakutengenezea jibu.

Tumu alikuwa na sheria. Watoto hawakuanza nage wala kujificha mpaka Tumu aseme mpaka uko wapi, nani anaanza na nani akiguswa ametoka. Hata waliomzidi kimo walimsikiliza, kwa sababu sheria zake zilimbana na yeye mwenyewe. Mara nyingi alikuwa wa kwanza kutoka, akaenda kukaa pembeni bila kunung'unika.

Faki alikuwa na magube. Hakuna mchezo ambao hakudanganya, na alidanganya kwa uso mkunjufu, kama mtu anayekukaribisha chai. Mama yake hakukiita hicho kipaji. Mimi nakiita hivyo, na mtajionea wenyewe kilifanya nini.

Sasa yuko wa nne, naye ndiye mwenye kisa. Mize, mtoto wa miaka tisa, darasa la tatu, hakuwa na kipaji ambacho mtu alikwisha kukiona. Alichokuwa nacho ni miguu isiyotulia. Akiketi, goti lilimchezacheza. Akisimama, kidole gumba kilichimba mchanga. Kusoma alisoma vizuri. Hesabu ndizo zilizomkimbia. Aliweza kutaja namba toka moja hadi mia bila kukosea, kama kasuku aliyefunzwa kubisha hodi, lakini ukimwekea ndimu kumi na tatu mbele yake ukamwambia atoe tano aseme zimebaki ngapi, alizitazama ndimu, akakutazama wewe, na goti likaanza kucheza.

Skuli ilipokaribia kufungwa kwa msimu wa karafuu, Mwalimu Sichana alimwita Bi Kirembo, bibi yake Mize, akamweleza kwa upole jambo lisilo na upole. Siku skuli itakapofunguliwa, Mize ataulizwa hesabu ya kutoa. Akiiweza, ataendelea na wenzake. Akishindwa, atarudi darasa la pili.

Darasa la pili ndimo alimokuwa Hamadi, mdogo wake Mize. Habari zilimfikia Hamadi kabla hazijafika nyumbani. Jioni ile alimwambia dada yake kwamba asiwe na wasiwasi, dawati lake lina nafasi, na yeye amekwisha kuusogeza mkoba wake. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Mize zaidi. Hakula vizuri siku hiyo. Aliizunguka nyumba mara nne, akaketi, akainuka, akaizunguka tena.

Wiki tatu. Hizo ndizo alizokuwa nazo.

Msimu ule karafuu zilikuwa nyingi. Magunia ya vishada yaliletwa uani kwa Bi Kirembo tangu asubuhi, na watoto wa majirani walikuja kusaidia kuchambua, maana kazi ya kutenga karafuu na makonyo yake haihitaji nguvu, inahitaji vidole. Karafuu zilikwenda kwenye majamvi kuanikwa. Makonyo, yaani vile vijiti vilivyobaki, yalirundikwa pembeni. Na muda wote huo macho yalikuwa juu. Wingu likitokea upande wa milimani, kila mtu aliacha alichoshika akakimbilia majamvi, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa huharibika. Siku moja waliyaanua majamvi mara tano, na mvua yenyewe haikunyesha hata tone. Mize alizipenda zile mbio. Ilikuwa ndiyo saa pekee ambayo miguu yake haikukosea.

Bi Kirembo, kwa kutaka kumsaidia, alimpa mjukuu wake gao la karafuu mbichi, ujazo wa kiganja, ahesabu, atoe, ahesabu tena. Mize alizihesabu, akazichanganya, akazihesabu upya, akazifinya kwa hasira mpaka vichwa vya karafuu vikakatika. Bibi alizichukua mkononi mwake akazitazama.

"Mwanangu," alisema, "karafuu si ya kuchezewa. Iliyokatika kichwa hainunuliwi na mtu."

Mize akainuka akaenda kusimama nyuma ya jiko. Wenzake watatu walimwona. Kuanzia hapo kila mmoja alifanya lake, na hayo ndiyo nitakayowaomba mpime.

Kombo hakumfuata. Alivuta kuti lililokuwa karibu akaanza kusuka. Mpaka adhuhuri alikuwa amesuka vipakacha kumi, vidogo, kila kimoja ukubwa wa yai la kuku. Kesho yake akaja na thelathini zaidi. Akayachukua makonyo, yale ambayo hakuna aliyekataza yasichezewe, akatia kumi katika kipakacha kimoja. Yakajaa sawasawa. Akakiweka mkononi mwa Mize. Mize akakipima uzito, akayamwaga makonyo, akayarudisha. Kumi. Kwa mara ya kwanza kumi ilikuwa kitu unachoweza kukishika, na ukikimwaga inakuwa moja moja, na ukiyakusanya inakuwa kumi tena. Aliendelea kumwaga na kujaza mpaka bibi akamuuliza kama ameajiriwa.

Ila vipakacha peke yake vilichosha. Siku ya tatu Mize alikuwa amekwisha kuvipanga, kuvipangua na kumvika kuku kimoja kichwani.

Hapo Tumu akaketi, akafikiri, akatunga mchezo. Kila mchezaji ana shamba lake. Anarusha kauri nne. Kila kauri iliyolala chali ni makonyo matatu, anayachukua kwenye rundo. Yakitimia kumi, lazima yaingie kipakachani. Atakayetangulia kujaza vipakacha kumi amefikisha pishi yake, ameshinda. Lakini kauri zote nne zikilala kifudifudi, mvua imenyesha. Wa kushoto kwako anataja mvua ya ngapi, toka moja hadi ishirini, nawe unarudisha makonyo ya idadi hiyo rundoni kwa mkono wako mwenyewe. Ukiwa na machache nje, unavunja kipakacha. Hakuna kulia.

Mvua ya kwanza ilimnyeshea Tumu mwenyewe, ikatajwa ya kumi na tatu. Alikuwa na vipakacha viwili na makonyo mawili. Alirudisha kipakacha kimoja kizima, akamwaga kingine, akatoa matatu, akabaki na tisa, bila kulalamika. Mize aliyaona yote kwa macho yake. Goti lake lilikuwa limetulia, na hakuna aliyeligundua hilo, hata yeye.

Kuanzia hapo mchezo haukukatika. Walichambua, wakacheza, wakakimbilia majamvi, wakarudi wakacheza. Mize alijifunza kutaja mvua mbaya. Alijua kwamba mwenye makonyo moja mawili nje anaumizwa na mvua ya tisa kuliko ya kumi, kwa sababu ya tisa inamlazimisha kuvunja. Tumu akamwambia ana roho korofi, naye akafurahi siku nzima.

Lakini hakuwahi kushinda. Aliyeshinda kila siku alikuwa Faki.

Faki alihesabu kwa sauti, haraka, na ilipofika mahali pa saba alikohoa: "Tano, sita, khm, nane, tisa." Alitia makonyo manane katika kipakacha akalaza refu moja juu ili kionekane kimejaa. Na la ustadi zaidi ni hili: mvua ikimnyeshea, alivunja kipakacha mbele ya kila mtu, akarudisha anachodaiwa, kisha kile kipakacha kitupu akakisimamisha tena katika safu kama hakikuguswa. Shamba lake halikupungua hata linyeshewe vipi.

Mize aliligundua hilo siku ya kumi na mbili, kwa bahati tu, kuku alipokiangusha kipakacha cha Faki na hakikumwaga kitu. Akatazama kingine. Manane. Kingine. Tisa. Akaupindua mchezo mzima kwa mguu, makonyo yakaruka mpaka kwenye karafuu, Bi Kirembo akawatimua wote uani.

Siku tatu hakuna aliyecheza. Mize alizunguka nyumba. Zilibaki siku sita, kisha tano. Kila alipofumba macho aliona mkoba wa Hamadi ukisogezwa dawatini. Alijaribu kufanya hesabu kwenye daftari, akaona namba zimekaa kimya kwenye karatasi, hazimnyeshei mtu. Alilitupa daftari, akaliokota, akalitupa tena.

Siku ya nne Tumu alikuja na hukumu. Sheria ni sheria: Faki atoke, watacheza watatu. Kombo akaitikia kwa kichwa. Faki alikuwa amesimama mlangoni mwa ua.

Mize ndiye aliyekataa.

"Akitoka huyu," alisema, "nitamhesabu nani?"

Basi wakaketi wanne, na tangu hapo Mize hakuhesabu shamba lake tu. Alihesabu la Faki. Faki alipokohoa, Mize alisema, "Na saba iko wapi?" Faki alipolaza konyo refu juu, Mize alilinyanyua kwa ncha ya kucha. Mvua ikimnyeshea Faki, Mize alikuwa amekwisha kujua atabaki na ngapi kabla Faki hajagusa kipakacha, na jibu la Faki likizidi hata kwa moja, alimshika mkono. Bi Kirembo naye, aliyedai kwamba hatazami, alikuwa akisema kutoka kwenye jamvi lake, "Faki, rudisha."

Na kuna jambo moja la kuliweka akilini. Kila Mize alipomkamata Faki kwa hila moja, Faki aliacha hila hiyo akaja na ngumu zaidi kidogo. Kidogo tu. Haikuwahi kuwa ngumu kupita uwezo wa Mize, na haikuwahi kuwa nyepesi kama ya jana. Huenda ndiyo tabia ya mwizi anayetaka kushinda. Huenda kulikuwa na jingine. Mimi sijui.

Katika siku hizo alifika Mjomba Shaame, kaka wa mama yake Mize, dereva wa lori linalopeleka karafuu mjini. Alimkuta mpwa wake anahesabu huku anatingishika, akauliza kisa, akaelezwa. Akacheka, akatoa ahadi kama watu wazima wanavyozitoa, mguu mmoja tayari uko garini. Mize akifaulu, atampeleka mjini siku ya kwanza ya Idi, viwanja vya sikukuu, kwenye pembea kubwa na taa na aiskrimu, yeye pamoja na aliyemfundisha. Mize hakuwahi kukiona kiwanja cha sikukuu. Wenzake watatu pia hawakuwahi.

Skuli ikafunguliwa. Mize alisimama mbele ya ubao, na dole gumba lilikuwa likisugua sakafu ya saruji. Mwalimu Sichana aliandika: hamsini na mbili, toa kumi na saba.

Mize aliutazama ubao na kwa kitambo hakuona kitu ila chaki. Kisha mikono yake, iliyokuwa imening'inia tu, ikajikunja kana kwamba imeshika kitu cha ukubwa wa yai. Vipakacha vitano na makonyo mawili: hiyo ilikuwa kazi ya Kombo. Akasikia mvua ya kumi na saba. Kipakacha kimoja kizima kinakwenda, saba bado inadaiwa, yaliyoko nje ni mawili, hayatoshi, basi vunja: hiyo ilikuwa kazi ya Tumu. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti.

Mwalimu Sichana hakumngoja amalize. Aliandika jibu ubaoni yeye mwenyewe, arobaini na tano, akaligeukia darasa akauliza kama ni sawa. Darasa zima likaitikia kuwa ni sawa, maana mwalimu ndiye aliyeandika. Alikuwa amekosea makusudi. Alitaka kujua kama mtoto huyu anajua, au anaitikia.

Mwalimu si mtu wa kumwambia amekosea. Lakini lile jibu alilijua. Alikuwa amelikamata si mara moja.

"Si sawa, mwalimu," alisema. "Umevunja kipakacha, kisha umekirudisha kwenye safu kitupu. Ni thelathini na tano."

Nayo hiyo ilikuwa kazi ya Faki.

Mwalimu Sichana hakujua kipakacha gani kinachozungumzwa, ila alijua thelathini na tano. Alifuta ubao akamwambia Mize akakae mahali pake, darasa la tatu. Mlangoni mwa darasa la pili, Hamadi aliyekuwa anachungulia aliondoka kwenda kuurudisha mkoba wake katikati ya dawati.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye mkwamo.

Asubuhi ya Idi lori lilikuja. Lilikuwa limebeba magunia mpaka juu, na juu ya magunia haruhusiwi mtu, sembuse mtoto. Mbele kiti kilikuwa cha watatu: dereva na wawili. Mize alikuwa na gauni jipya na hakuweza kusimama mahali pamoja. Kombo, Tumu na Faki walikuwa wamepanga mstari, wameoga, wamevaa, kila mmoja na kofia au mtandio wa sikukuu.

Mjomba Shaame aliwatazama kupitia dirishani. "Nilisema aliyekufundisha," alisema. "Hawa ni watatu. Ni yupi?"

Mize aliwageukia wale watatu.

Tumu alisema la kwake kwa utaratibu. Vipakacha ni vipakacha tu. Kabla ya sheria zake vilivishwa kuku. Bila mvua Mize asingejua kutoa.

Kombo akasema kwamba sheria za kutoa hata mwalimu alizisema mwaka mzima ubaoni, na Mize hakuzielewa mpaka aliposhika kumi mkononi.

Mize alimwendea Faki, akamuuliza kwa sauti ya chini, ila wote walisikia.

"Uliiba ili nijue, au uliiba ili ushinde?"

Faki alitazama viatu vyake. "Niliiba," alisema. "Na kila nikiiba, ulinikamata. Zaidi ya hapo hata mimi sijui."

Tumu akasema kwamba mwizi hapewi zawadi kwa wizi wake, vinginevyo mwakani kila mtu ataiba. Kombo akatikisa kichwa, akasema polepole kwamba jibu la ubaoni lilikuwa la Faki hasa, na asiyemjua Faki angeitikia kama darasa zima lilivyoitikia. Alipomaliza kusema hivyo alionekana kujutia, maana alikuwa amejipunguzia mwenyewe.

Hamadi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema kama ni hivyo yeye ndiye wa kwenda, kwa kuwa bila hofu ya dawati lake dada yake asingecheza hata siku moja. Wakamcheka, lakini Mize hakucheka sana.

Bi Kirembo alikuwa amesimama mlangoni na kanga mpya. Alisema la kwake kama anayejisemea: aliyeketi siku zote zile akahesabu mpaka ya wenzake ni Mize, na mtu mwenye miguu kama ile kuketi ni kazi kubwa kuliko kusuka. Aende peke yake, nafasi ya pili ibaki wazi, na asiwepo wa kuonewa.

Mize alimtazama bibi yake, akakitazama kiti. Nafasi tupu kwenye safari ya sikukuu. Hilo nalo lilimfanya ajisikie vibaya, hata hakujua kwa nini.

Mjomba Shaame alipiga honi. Magunia yanasubiriwa mjini, jua linapanda, na njia ni mbovu. Mize amepanda kidato kimoja cha gari, mkono mmoja umeshika mlango, mguu mmoja bado uko chini, unachimba mchanga. Watatu wanamtazama. Kombo amekunja mikono. Tumu ameinua kidevu. Faki hajainua macho.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Yuko aliyempa kumi mkononi, yuko aliyemnyeshea mvua, na yuko aliyemdanganya mpaka akajua ukweli. Nafasi ni moja na injini inanguruma.

Haya, hukumu ni yenu. Kama ungekuwa wewe umeushika ule mlango, ungemwita nani apande? Na wale utakaowaacha barabarani, ungewaambia nini kabla lori halijaondoka?